Ubongo, homoni na kinga: Watafiti wetu wafunzwe Majengo

Mwaka 1985, damu ya wanawake wa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, ilipopimwa, matokeo yaliwaacha madaktari vinywa wazi. Kisa cha kwanza cha Ukimwi nchini Kenya kilikuwa kimethibitishwa mwaka mmoja tu kabla, na wengi walidhani ugonjwa huo ungali mbali. Lakini miongoni mwa wanawake maskini waliokuwa wakifanya biashara ya ngono katika vyumba vya udongo vya mtaa huo, takriban theluthi mbili walikuwa wameshaambukizwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walikita kambi. Ushirikiano wao ulikuwa umeanza mwaka 1980 kwa mwaliko wa Profesa Herbert Nsanze wa idara ya mikrobiolojia ya tiba, na shabaha ya awali ilikuwa vidonda vya sehemu za siri. Dkt Frank Plummer aliingia Nairobi akiwa mtafiti kijana. Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi kwa taaluma, aliwaita wanawake wa mtaa kwenye mabaraza, akaketi nao, akawasikiliza, akawafundisha matumizi ya kondomu. Kliniki ikafunguliwa, na wanawake wakafuatiliwa mwaka baada ya mwaka.

Hapo ndipo fumbo lilipojitokeza. Wanawake wachache walikutana na virusi mara nyingi mno, ila hawakuambukizwa. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha taarifa yao, na Majengo ikawa jina linalotajwa katika kumbi za sayansi duniani kote.

Sehemu hiyo ya kisa imesimuliwa sana. Ambayo haijasimuliwa vya kutosha ni pale fumbo lilipowafikisha watafiti: kwenye usingizi, hofu, njaa na homoni. Miaka 40 ya Majengo inatufunza kwamba huwezi kuisoma kinga ya mkazi wa Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi kama Majengo, bila kusoma kodi anayodaiwa, kipigo alichopata na sindano ya kupanga uzazi aliyodungwa. Na mtafiti hawezi kuyaunganisha hayo ikiwa chuo kilimfunza jambo moja tu kati yake.

SELI ZILIZOTULIA

Jibu la kwanza lilitafutwa katika seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa. Watafiti wa Oxford na wa Nairobi walizikuta katika damu ya baadhi ya wanawake hao, na hapo likazaliwa wazo la chanjo. Majaribio yalianza Nairobi mwaka 2001, chini ya mpango wa chanjo ya Ukimwi uliojulikana kama KAVI na ulioongozwa na Profesa Job Bwayo. Chanjo hiyo haikuamsha kinga ya kutosha. Mwaka huohuo wa 2001 ilichapishwa habari nyingine iliyowashangaza wengi: baadhi ya wanawake waliodhaniwa kuwa sugu kwa virusi waliambukizwa baadaye, hasa waliopumzika kazi hiyo kwa muda kisha wakairudia. Kinga yao haikuwa ngao ya kudumu. Ilibadilika kadiri maisha yalivyobadilika.

Baadaye kundi la Nairobi na Manitoba lilibaini jambo lililopindua mawazo ya awali. Seli za kinga ziitwazo CD4 za wanawake wengi ambao hawakuambukizwa zilikuwa tulivu kuliko za wenzao. HIV, virusi vya Ukimwi, huzaana vyema katika seli iliyoamshwa, na hupata taabu katika seli iliyotulia. Kwa hiyo, kilichowasaidia wanawake hao hakikuwa jeshi kubwa pekee. Kilikuwa pia jeshi lisiloruka kwa kila kishindo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulilijaribu wazo hilo kwa wanawake wa Kenya wasio katika hatari kubwa. Walipomeza aspirini ya kiwango kidogo kila siku kwa wiki sita, seli ambazo virusi huzilenga katika njia ya uzazi zilipungua kwa takriban theluthi. Msomaji asikimbilie duka la dawa: utafiti huo haukuonyesha kwamba aspirini inazuia maambukizi. Ulionyesha kwamba utulivu wa seli unaweza kubadilishwa.

Swali linalofuata haliepukiki. Ni nini huziamsha seli hizi, na ni nini huzituliza? Maambukizi mengine, bila shaka. Lakini pia ubongo, kwa kupitia homoni.

NJIA YA KWENDA NA KURUDI

Chukua mpangaji wa Kayole aliyechelewesha kodi miezi miwili. Usiku anasikia mlango ukigongwa. Kabla hajatamka neno, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi imeshaiamuru tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, nayo imetuma ujumbe kwa damu hadi tezi za adrenali zilizoketi juu ya figo. Kwa njia ya neva, adrenalini inatoka kwa sekunde na moyo unaenda mbio. Dakika chache baadaye inafuata kotisoli, ambayo hupandisha sukari ya damu na kuzituliza seli za kinga ili nguvu za mwili zielekezwe kwenye hatari iliyopo.

Hilo likitokea mara moja, mwili hunufaika. Likitokea kila wiki kwa miaka, mambo hubadilika. Seli za kinga zinaweza kuacha kuitii kotisoli, na badala ya utulivu kukawa na mchochota, yaani hali ya kinga kuwaka ndani kwa ndani bila kuzimika. Mchochota wa namna hiyo huhusishwa na maradhi ya moyo, kisukari na sonona.

Njia hiyo ina marejeo pia. Seli za kinga zinapopigana na vijidudu hutoa protini ziitwazo saitokaini, na ubongo hupokea habari. Homa ya malaria, uchovu, kukosa hamu ya chakula na kutaka kujifungia peke yako chumbani hayaletwi na vimelea moja kwa moja. Ni ubongo ulioambiwa na kinga kwamba kuna vita, ukaamua mwili upumzike.

Sayansi ilichelewa kukubali mazungumzo haya. Mwaka 1975, Robert Ader na Nicholas Cohen wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwanywesha panya maji yenye sakarini huku wakiwapa dawa inayodidimiza kinga. Baadaye sakarini peke yake ilitosha kuididimiza. Ubongo ulikuwa umejifunza, na kinga ikatii. Mwaka 1991, Sheldon Cohen na wenzake waliwatilia virusi vya mafua puani watu 394 waliojitolea, na waliokuwa na msongo mkubwa wa mawazo ndio walioambukizwa zaidi. Mwaka 1995, watafiti wa Ohio waliwatoboa ngozi kidogo wanawake waliokuwa wakiwauguza jamaa wenye ugonjwa wa kusahau. Vidonda vyao vilichukua takriban siku tisa zaidi kupona kuliko vya wanawake wasio na mzigo huo.

Wakenya walishuhudia nguvu ya homoni juu ya kinga wakati wa janga la Covid-19. Mwaka 2020, utafiti uliofanyika Uingereza ulionyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya bei nafuu iliyo ndugu wa kotisoli, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa mashine. Ilituliza kinga iliyokuwa ikiunguza mapafu.

USHAHIDI WA NYUMBANI

Kenya ina nafasi yake katika sayansi hii tangu zamani. Kuanzia mwaka 1978, Robert Sapolsky wa Marekani alikuwa akija Maasai Mara kupima homoni za nyani. Aligundua kuwa katika kundi lenye ngazi thabiti za ubabe, nyani wa ngazi ya chini walikuwa na kotisoli nyingi zaidi. Katikati ya miaka ya 1980, kifua kikuu kilichotokana na jaa la taka la hoteli ya watalii kiliwaua madume wakali wa kundi moja. Waliobaki walikuwa wapole, na upole huo ukadumu hata madume wapya walipohamia. Katika kundi hilo jipya, wa ngazi ya chini hawakuonyesha tena dalili zilezile za msongo. Kilichobadilika ni jinsi walivyotendewa.

Miaka hiyohiyo, tumbili waliokamatwa porini na kuwekwa katika kituo cha utafiti nchini Kenya walianza kufa. Walipopasuliwa walikutwa na vidonda vya tumbo, tezi za adrenali zilizotanuka, na madhara katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1989, na miongoni mwa waandishi wake alikuwa Mbaruk Suleman wa Taasisi ya Utafiti wa Nyani ya Kenya.

Mwaka 1993, Chama cha Wanasayansi wa Neva Afrika, SONA, kilianzishwa papa hapa Nairobi. Jiji lina wataalamu wa ubongo, wa homoni na wa kinga. Tatizo ni kwamba hawafunzwi pamoja.

UNYWELE UNAPOSEMA

Mfano bora wa kuvunja kuta zinazowatenga wataalamu hao umetoka tena kwa wanawake wa biashara ya ngono. Utafiti uitwao Maisha Fiti, ulioanza kukusanya data mwaka 2019, uliwahusisha wanawake zaidi ya 1,000 waliokuwa wakihudumiwa katika kliniki za Nairobi. Watafiti wa hapa na wa London, Manitoba na Toronto waliuliza kuhusu ukatili, njaa, ulevi na afya ya akili. Walipima HIV na magonjwa ya zinaa, na mchochota katika njia ya uzazi. Kisha wakaomba jambo ambalo wengi hawakulitarajia: nywele.

Unywele hukua kwa takriban sentimita moja kila mwezi, na unapokua hubeba kotisoli iliyokuwa mwilini wakati huo. Sentimita tatu zilizo karibu na ngozi ya kichwa zina habari za miezi mitatu. Katika maabara, kishungi kidogo huoshwa kwa alkoholi ili kuondoa jasho na mafuta ya nje, hukaushwa, husagwa kuwa unga, kisha homoni huvutwa kwa methanoli na kupimwa. Kwenye karatasi kazi hiyo ni nyepesi. Kule Majengo si nyepesi. Mwanamke amesuka rasta juzi na kulipa pesa zake, atakatwa wapi? Nywele zimetiwa dawa ya kulainisha mara ngapi mwaka huu? Na kabla ya hayo yote, anayeombwa nywele zake ana haki ya kuelezwa zinakokwenda, kwa lugha anayoielewa, mpaka aridhike.

Damu nayo ina masharti yake. Chupa inayotolewa kliniki asubuhi haina budi kufika maabara kabla seli hazijachoka. Humiminwa taratibu juu ya kimiminika kizito, huzungushwa kwa mashine, na seli nyekundu huzama chini. Katikati hubaki utando mwembamba mweupe, mwembamba kama ukoko wa maziwa yaliyopoa. Utando huo ndio kinga. Mwanafunzi huunyonya kwa mrija, huuosha, huzihesabu seli, na zile za kuhifadhiwa huingizwa katika naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Foleni ya Jogoo Road ikimchelewesha dereva, data ya siku nzima inaweza kuharibika.

SAA NNE ZISIZOLINGANA

Hapa ndipo mafunzo yanapohitajika zaidi. Mate yanapima kotisoli ya saa hiyo. Damu inaonyesha seli za siku hiyo. Dodoso la sonona linalotumika sana, lenye maswali tisa, huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Unywele husema kuhusu miezi. Ni saa nne zinazokwenda kwa mwendo tofauti, na mtafiti aliyefunzwa kusoma moja tu atafikia uamuzi wa haraka na wa makosa.

Tazama lingine. Vitabu husema kotisoli hupanda alfajiri na kushuka jioni, na kwa hiyo mate huchukuliwa mtu anapoamka. Lakini mhudumu wa baa, bawabu wa Donholm, kondakta anayefunga kazi usiku wa manane na mama anayefika Gikomba saa kumi alfajiri kununua mtumba hawaishi kwa saa za vitabu. Kwa mwanamke anayerudi nyumbani Majengo saa moja asubuhi, asubuhi ndiyo usiku. Asiyeuliza mtu alilala saa ngapi ataandika ugonjwa pasipo na ugonjwa.

Kuna pia sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, inayotumiwa na wanawake wengi nchini. Homoni iliyo ndani yake hushika si milango ya projesteroni pekee bali pia milango inayotumiwa na kotisoli katika seli. Watafiti wa kundi la Nairobi wamewahi kukuta seli nyingi zaidi zinazolengwa na HIV kwenye shingo ya kizazi ya wanawake wanaoitumia. Kwa upande mwingine, jaribio kubwa lililofanyika Kenya, Zambia, Afrika Kusini na Eswatini kwa wanawake 7,829, na kutangazwa mwaka 2019, halikuona tofauti kubwa ya maambukizi kati ya sindano hiyo na njia nyingine mbili za kupanga uzazi. Mwanafunzi anayejua seli peke yake angeliwatisha wanawake. Anayejua pia jinsi majaribio makubwa kama hayo yanavyoendeshwa atawapa taarifa kamili.

Na krimu za kung'arisha ngozi? Baadhi zina klobetasoli, steroidi kali inayopenya ngozini na kuweza kuzilaza tezi za adrenali za mtumiaji. Mtafiti anayekuta kotisoli ya chini kwa mwanamke wa Eastleigh au Umoja bila kumuuliza anapaka nini, hajapima msongo. Amepima krimu.

Mambo haya hayamo katika vitabu vilivyoandikwa Ulaya na Marekani. Yamo mtaani. Ndiyo maana nasema mafunzo haya yafanyiwe Eastlands, na wakazi wawe walimu ndani yake.

KUTA ZA IDARA

Hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910 kama mahali pa kuwafungia waliodhaniwa wendawazimu, katika majengo yaliyokuwa yametumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Tangu wakati huo tumezoea kuyatenganisha: magonjwa ya akili yana lango lake, ya kuambukiza yana lake, ya homoni yana lake. Mwanafunzi wa uzamifu huingia lango moja na kutokea hapohapo. Anayejua seli hajui kuuliza swali la huzuni bila kumuumiza mhojiwa. Anayejua kuhoji hajui damu ikae kwa muda gani kabla ya kuharibika.

Dalili za mabadiliko zipo. Mpango wa mafunzo ya magonjwa ya kuambukiza ulioendeshwa na Manitoba pamoja na Nairobi, India na Kolombia uliwaweka darasa moja wanafunzi wa maabara na wa sayansi za jamii. Chuo Kikuu cha Aga Khan kimeanzisha Taasisi ya Ubongo na Akili, ambayo mkurugenzi wake wa kwanza, Profesa Zul Merali, ni mtafiti wa msongo. Na mwaka 2020, jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza magonjwa ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Kinachokosekana ni kozi inayodumu, yenye wanafunzi wake na pesa zake, badala ya miradi inayokwisha ufadhili unapokwisha.

Januari 2025 ilitupa somo chungu. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma za HIV nchini zilitikisika ndani ya siku chache tu. Lakini sheria yetu wenyewe ya sayansi na teknolojia, ya mwaka 2013, inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye Hazina ya Kitaifa ya Utafiti. Kiasi hicho hakijawahi kufikiwa.

DENI KWA WENYE DAMU

Wanawake wa Majengo wametoa damu tangu utawala wa Moi. Kutokana nayo watu wamepata shahada za uzamifu, vyeo na sifa. Mwaka 2000 kulizuka mzozo kuhusu hataza ya ile chanjo, kwa kuwa watafiti wa Nairobi hawakuwa wametambuliwa ipasavyo, na baadaye makubaliano yakatafutwa. Swali la wanawake wenyewe kunufaika liliulizwa kwa sauti ya chini zaidi. Walipata matibabu na kondomu, na hilo si dogo. Lakini bado wengi waliishi katika umaskini uleule ambao sasa sayansi inatuambia unaingia hadi ndani ya seli.

Basi tusiitumie sayansi hii vibaya. Isitumiwe kumwambia mgonjwa kuwa maradhi yake ni mawazo tu, wala kumshawishi aache dawa za HIV, za kifua kikuu au za presha eti atulize akili. Dawa zinaokoa maisha, anayezitumia aendelee. Isitumiwe pia kumlaumu maskini kwa stresi yake. Nyani wa Mara hawakupona kwa kuhimizwa wavumilie. Walipona ubabe ulipokoma.

Kwa hiyo, haya ndiyo ninayoyaomba. Vyuo vikuu vyetu vianzishe mafunzo ya pamoja ya uzamili na uzamifu, ambapo mwanafunzi atakaa maabara ya kinga, wodi ya magonjwa ya akili na kliniki ya mtaani kabla ya kupewa shahada. Bunge liitimize ile asilimia 2. Kaunti ya Nairobi iweke mshauri wa afya ya akili katika kila kituo cha afya cha Eastlands, pale pale panapotolewa dawa za HIV na chanjo. Watafiti warudi na matokeo, wayasome kwa Kiswahili katika kumbi za Pumwani, Kaloleni na Dandora, na wajibu maswali. Na wewe mkazi, ukiombwa damu, mate au nywele, uliza mambo matatu kabla ya kutia sahihi: vitapimwa nini, vitahifadhiwa wapi, na lini utaletewa majibu. Ni haki yako, na mtafiti mwema atafurahi umeuliza.